Siliba Herufi ya Jibu Sahihi

Mkuza, Kibaha
Jumamosi, baada ya alasiri

Mwanangu Rukia,

Shuleni niliwafundisha watoto kuanza barua kwa kusema mimi mzima, hofu ni kwako tu. Sijui nimeiandika sentensi hiyo ubaoni mara ngapi mpaka nikastaafu. Leo nimeshika kalamu nikakuta haiandikiki. Mimi si mzima sana, na hofu haiko kwako peke yako, iko kwangu, tena nyingi. Ukiona mwandiko umepinda usiseme ni uzee. Ni hofu hiyo.

Umekwenda kwa mama yako mdogo kuaga, na ninavyomjua yule hatakuachia kabla ya magharibi. Ninao muda huo tu. Ukirudi utakuta nimeshaifunga barua hii na kuitia katikati ya fomu zako za wazazi, kwenye begi jeusi, maana ukifika Chole, huko Kisarawe, kitu cha kwanza utakachofungua ni fomu, nguo baadaye. Ningekuwa jasiri ningekuambia kwa mdomo. Nimejaribu tangu Jumatano. Kila nikifungua mdomo najikuta nakuuliza kama umechukua chandarua.

Basi habari za chandarua, na maji ya kuchemsha, na kufunga mlango kwa komeo, hizo nimezisema mpaka umechoka. Humu hazimo.

Nianze na ratiba yako. Ulipoibandika ukutani pale sebuleni nilikucheka. Nilikuuliza, "Hii ni kambi ya masomo au ni harusi?" Wiki nne za likizo ya mwezi wa sita, watoto wa darasa la nne mpaka la sita, na asubuhi hawakai kwa madarasa yao, wanakaa kwa kadiri wanavyojua kusoma, hata jitu la darasa la sita likae na kitoto cha la nne. Uji saa nne. Hadithi. Kupima shamba la shule kwa kamba. Chakula saa saba, kisha kila mtu kwao. Nikakuambia watu wa Chole watasema mwalimu wa mjini amekuja kucheza na watoto wao. Ukanuna, ukaenda kukuna nazi kwa hasira mpaka nikakihurumia kifuu.

Nisamehe kwa kicheko kile. Niliogopa, mwanangu, na mimi nikiogopa huwa nacheka au nagomba, unanijua. Kila mstari wa ratiba ile ulikuwa unanionyesha jambo ambalo mimi, nilipopewa watoto na likizo nzima mkononi, sikulifanya.

Wakati ule nafundisha Janga. Wewe ulikuwa darasa la pili, unakaa kwa bibi yako Mlandizi, ndiyo maana watu wa Janga huwajui. Shule yetu ilikuwa imeshika mkia. Mwalimu mkuu aliitwa wilayani, akarudi hasemi na mtu, siku ya tatu akaniita ofisini. "Mwalimu Zuhura," akasema, "likizo hii hakuna kupumzika. Darasa la saba lote ni lako. Piga kambi. Mimi nataka pasi, njia utajua mwenyewe."

Nikapanga kambi kama mtu anayekimbizwa. Saa moja asubuhi wawe wamekaa, saa kumi na moja jioni ndiyo watoke. Karatasi za mitihani iliyopita, asubuhi moja, mchana moja, jioni moja, na fimbo mezani. Uji haukuwepo. Aliyekuja na kipande cha muhogo alikula, asiye nacho aliangalia. Sikuuliza hata mtoto mmoja ametoka wapi alfajiri ile, wala kama amelala.

Unaujua mtihani wa darasa la saba ulivyo. Swali moja, majibu matano, na fomu yenye viduara. Juu yake pameandikwa: Siliba herufi ya jibu sahihi. Fundi wa nyumba akikuambia anasiliba ukuta, ujue anapaka udongo nyufa zifunike. Kwetu walimu ni kupaka penseli kiduara kikajaa. Mimi katika kambi ile nilifanya vyote viwili kwa pamoja, na nilikuwa najua ninachokifanya.

Niliwafundisha mbinu. Jibu lililo refu kuliko mengine, mara nyingi ndilo. Neno lililomo kwenye swali ukiliona tena kwenye jibu, siliba hapo. Hujui kabisa, siliba C, songa mbele, usiache kiduara kitupu. Wakazipenda mbinu zangu, maana zilikuwa rahisi kuliko kusoma. Wiki ya kwanza tu alama zikaanza kupanda. Mwalimu mkuu akawa ananiamkia kwa tabasamu.

Alikuwemo msichana mmoja, Mwanahamisi Shabani. Mrefu, mkimya, kwao ni kule karibu na mabonde ya mpunga. Kila siku alichelewa, akaingia na tope mpaka magotini, kwa kuwa alfajiri alikuwa shambani kwa baba yake anaamia ndege, anawapigia debe wasimalize mpunga. Nilimchapa kwa kuchelewa, kila siku. Kisha anakaa, anasiliba, anawapita wengi waliowahi. Hesabu alizifanya kichwani. Kwenye masomo mengine alikuwa na jicho kali, neno linalofanana na lenzake analiona upesi kuliko mtu yeyote. Nilijisifu kwa ajili yake. Nilimwonyesha kwa walimu wenzangu kama mtu anavyoonyesha kitambaa alichodarizi.

Wiki ya pili nilishikwa na mafua, sauti ikakauka. Nikamsimamisha Mwanahamisi awasomee wenzake maelekezo. Akasoma vizuri kabisa: "Siliba herufi ya jibu sahihi." Wa nyuma hawakusikia. Maelekezo yaleyale nilikuwa nimeyaandika ubaoni, nikaweka ncha ya fimbo kwenye neno la mwisho, sahihi, nikamwambia asome hilo peke yake kwa sauti.

Akasema, "Herufi."

Darasa likacheka. Mimi nikadhani amechanganya. Nikaisogeza fimbo kwenye neno jingine. Akanyamaza. Jingine. Safari hii aliniangalia mimi, hakuangalia ubao. Nikawafukuza wengine wote nje mapumziko kabla ya saa yake.

"Mwanahamisi, hujui kusoma?"

"Najua viduara, mwalimu."

"Nakuuliza kusoma."

Akalia bila kutoa sauti. Kisha akasema, "Nifundishe, mwalimu. Lakini usimwambie baba."

Hapa naomba usome polepole. Mtoto aliniomba nimfundishe. Sikulazimika kumbembeleza wala kumtafuta, aliomba mwenyewe, amesimama mbele yangu na tope lake. Na mimi nikaanza kupiga mahesabu. Zilibaki wiki mbili za kambi. Kuanza na a, e, i, o, u na msichana mkubwa vile, saa ipi? Ratiba yangu ilikuwa imejaa mpaka pembeni. Na huyu tayari ni pasi. Ukianza kumgusa anaweza kuchanganyikiwa, ukaikosa hata hiyo.

Nikamwambia, "Sasa hivi nafasi hakuna, mama. Wewe siliba vizuri. Ukifika sekondari watakufundisha."

Akasema ahsante. Ahsante, Rukia.

Matokeo yalipotoka amefaulu. Baba yake, mzee Shabani, alikuja na jogoo mkubwa, miguu imefungwa kwa ukindu, akaniamkia mimi shikamoo ilhali ananizidi umri. Nikaona aibu, nikasema, "Mzee, sistahili," naye akadhani ni adabu. Tulimla yule jogoo. Na wewe ulikuwepo, ulikuja siku ile kutoka Mlandizi, ukala paja.

Huko sekondari hakumaliza hata muhula. Wiki za mwanzo waliwapa kidato cha kwanza imla, mistari michache ya Kiswahili, kuona nani ni nani. Karatasi yake ilikuwa na jina tu, nalo ni la kuchora. Mwalimu akamsimamisha mbele ya darasa asome. Wanafunzi wakajua. Wakampa jina la utani, nalo sitaliandika. Akaacha kwenda, akawa anaaga nyumbani anashinda mashambani, mpaka baba yake akagundua.

Siku ile mzee Shabani alikuja kwangu pamoja naye. Hawakukaa. Walisimama mlangoni mwa nyumba ya walimu, mzee ameshika kofia mkononi, Mwanahamisi nyuma yake anaangalia chini. Akaniuliza kwa upole kabisa. Angekuja na matusi ingenisaidia.

"Mwalimu, mimi sikusoma, sijui mambo haya. Huko wanasema mtoto hajui hata kusoma. Wewe ndiye uliyekaa naye. Anajua au hajui?"

Nilikuwa na majibu mawili tu, mwanangu, hata matano hayakuwa. Nilimwona Mwanahamisi ameinua uso. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja nimsaidie, kwa sababu mimi na yeye tu ndio tuliojua.

Nikasema, "Kwangu alikuwa anasoma, mzee. Labda uvivu umemwingia."

Mzee akamgeukia binti yake. Sitakuambia alimwangaliaje. Akavaa kofia, akasema, "Nimekuelewa, mwalimu," wakaondoka, yeye mbele, mtoto nyuma mbali kidogo. Mwanahamisi angeweza kusema, "Mwalimu muongo, alijua sisomi," na hakusema. Sijui alininyamazia kwa heshima au alijua hataaminiwa. Baadaye nikasikia ameolewa, amepelekwa upande wa Kisarawe. Unajua nilisema nini moyoni? Nilisema afadhali, ameenda mbali. Hata baba yako, Mungu amrehemu, alikufa sijamwambia.

Sasa Jumatano. Nilikuwa nachagua mchele, wewe umekaa chini unapanga fomu ulizokusanya ulipokwenda kuandikisha watoto, unaniambia habari zao kwa furaha. Ukasema, "Mama, wengine ilibidi watie dole gumba. Kuna mama mmoja alikataa nimjazie mpaka nimsomee kila mstari mara mbili. Halafu akaniuliza swali, mama, mpaka sasa liko kichwani."

Nikauliza swali gani, mikono iko kwenye ungo.

"Aliniambia, 'Mwalimu, mwanangu akiwa hajui, utaniambia kama hajui?'"

Ukanipa fomu yake niione. Jina la mtoto, Tatu, darasa la nne. Jina la mzazi, Mwanahamisi Shabani, kwa mkono wako wewe. Chini yake dole gumba la wino wa bluu. Ukasema anasema kwao ni Janga, ukaniuliza, "Labda ulimfundisha, mama?" Nikakujibu Janga ni kubwa. Nikainuka na ungo nikasema moshi umeniingia machoni, na jiko hata halijawashwa. Wewe hukuona, ulikuwa umeshachukua fomu nyingine.

Tangu hapo sijalala sawasawa. Sura yangu umeichukua yote, kila mtu anasema, mpaka mwanya wa meno ya mbele. Sijui kama alikutambua. Huenda ndiyo maana aliuliza. Huenda alikuwa ananiuliza mimi. Naogopa atakuambia yeye kabla yangu, pale uwanjani, mbele ya wazazi, na wewe usimame ukinitetea kwa kitu usichokijua. Naogopa vilevile kwamba hatasema, kama alivyonyamaza siku ile, ukamaliza wiki nne unamtazama usoni na hujui. Na ninaogopa kwamba ukishasoma karatasi hizi utakuwa unaniita mama kwa sauti nyingine. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya ninyamaze siku tatu, sikufichi.

Lakini lipo ninaloliogopa kuliko yote, nalo ni lako. Mimi sikuwa mwalimu mbaya, Rukia. Nilipenda watoto. Niliwahi, nilisahihisha, nilitoa kalamu zangu. Na nilifanya nililolifanya bila hata kusukumwa sana. Wewe una moyo mzuri kuliko wangu, najua, lakini moyo wangu nao ulikuwa mzuri mpaka asubuhi ile ya mafua.

Nimeirudia ratiba yako leo mchana, nimesimama mbele yake na miwani. Ni nzuri. Ina kasoro moja, ileile ya kwangu: imejaa. Kila saa ina jina lake. Umepanga hadithi, umepanga kamba, umepanga hata nyimbo, na hakuna mahali pa yule mtoto ambaye wiki ya pili utagundua hayuko hata kwenye kundi la chini kabisa, alikuwa anafuata midomo ya wenzake. Atakuwepo. Watoto wetu ni hodari wa kukariri, watakusomea ukurasa mzima kwa sauti tamu na hawajui hata neno moja, tena watakudanganya huku wanakupenda. Kundi haliwezi kukuambia. Kaa na mmoja mmoja, kando, umwonyeshe neno moja lililotoka mahali pake. Ichukue siku nzima ya kwanza, ichukue mbili kama ni lazima, nyimbo zitangoja. Na acha saa moja kila siku isiyo na kitu. Ukiniuliza ni ya nini, ni ya huyo atakayekuja kusema nifundishe.

Watu watakuja kukuuliza wangapi wameweza. Mwalimu mkuu wa huko, na hao wafadhili waliokupa vitabu. Wanataka kusikia mazuri, wala si watu wabaya. Siku ya wazazi uliyoipanga wiki ya mwisho, na vipindi vya watoto kuimba na kusoma mbele, mimi ningeiogopa. Mzazi anapiga vigelegele, mtoto anafurahi, mwalimu anapigiwa makofi, na hapo ndipo nyufa zinapofunikwa. Waambie wazazi mapema, mmoja mmoja, wakiwa wamekaa: huyu anajua hiki, hiki bado. Wengine watakasirika. Atakayekasirika wiki ya kwanza bado una wiki tatu za kumfundishia mtoto wake.

Jumatatu Mwanahamisi atamleta Tatu mwenyewe, nina hakika, mtu aliyeuliza swali lile hamtumi jirani. Mwamkie vizuri, kisha mwambie wewe ni mtoto wa nani. Usingoje akuulize. Mwambie, "Mama yangu amekiri kwamba ulimwomba akufundishe, akakunyima." Mwambie, "Alimdanganya baba yako, na hukuwa mvivu." Sema hilo la uvivu mtoto wake akiwa anasikia. Akimchukua mtoto akaondoka naye, usimkimbilie kumbembeleza. Akikuachia, mfundishe Tatu, na usimfanye wa pekee kwa ajili yangu. Usiniombee msamaha. Huo nitauomba mwenyewe, akinipa ruhusa ya kufika.

Jambo moja bado. Leo saa tisa, kabla sijaanza kuandika, nilimpigia simu mzee Shabani. Nilijua nikitanguliza barua nitaridhika na barua. Namba nilipewa na mwalimu mwenzangu wa zamani aliyebaki Janga. Sauti imezeeka, lakini ni yeye.

"Nani?"

"Mimi Mwalimu Zuhura, mzee. Shikamoo. Nina neno juu ya Mwanahamisi."

Akauliza, "Kafa?"

Nikamwambia hapana, yu hai, mzima, ana mtoto darasa la nne, neno ni langu mimi. Nikasikia anapumua. Akasema, "Mtoto? Mimi sikuwa na habari ya mtoto. Huyo hajakanyaga hapa tangu aolewe. Nilimwambia siku ile asinionyeshe uso wake mpaka uvivu umtoke." Halafu akasema, "Njoo basi, mwalimu. Njoo unieleze."

Ninakwenda Jumatatu asubuhi, wakati wewe unafungua darasa. Miaka yote hii, Rukia, nilidhani nimemnyima kusoma tu.

Mama yako,
Zuhura